Mtani Aliyebeba Kuku Akabebeshwa Mayai

Wifi yangu Sitara alikuwa mtu wa kuzungumza na kuku. Sisemi kuwaita, maana kila mtu huita kuku wake. Yeye aliwauliza habari za jana, akawasikiliza mpaka wamalize. Tulikaa nyumba moja Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, mimi na mume wangu Bushiri upande wa kushoto, yeye kulia, ukumbi katikati mpaka uani. Hizo ni siku za Mwingereza, vita vya Mjerumani vimekwisha, vya Hitla bado.

Uani palikuwa na mpapai, na chini yake Sitara aliweka kigae cha mtungi uliovunjika, akikijaza maji kila asubuhi kwa ajili ya ndege. Shorewanda walikuja kuoga, wakirusha maji kama watoto, kisha wakapanda juu kutoboa papai lililoiva kuliko yote. Mbayuwayu walijenga chini ya paa letu la makuti, wakatuchafulia ukuta, na ole wake atakayenyanyua ufagio.

"Dada," Bushiri alimwambia, "nyumba hii asiyegombezwa ni mwenye mbawa tu."

"Basi ota na wewe," akajibiwa.

Baba yao, marehemu Mzee Rajabu, alifuga kuchi, wale kuku warefu wa shingo juu wanaotembea kama wamekuja kukagua nyumba. Mwaka mmoja ugonjwa wa kideri ukaingia ukawafagia wote, na mzee mwenyewe hakukaa sana baada yao. Tangu hapo, Sitara akiona jogoo mrefu sokoni alimfuata nyuma, mpaka mwenye jogoo akadhani ataibiwa.

Ndipo Bwana Hashil, Mwarabu mwenye duka la pembeni, aliporudi kutoka Unguja na mayai ndani ya kikapu cha pumba.

"Bibi Sitara, zamani baba yako alimpa ami yangu jogoo na mtetea. Haya yametoka kwa wajukuu zao. Kuku wenyewe wamekwisha kuliwa. Mengine hakuna."

Sitara aliyapokea kwa mikono miwili. Alikuwa na kuku mwekundu aliyeanza kuatamia. Akamwondolea mayai yake, akamwekea yale ya kuchi ndani ya kikapu kile kile, na kuanzia siku ile tukawa tunatembea uani kwa kunyata.

Mayai yalikuwa yamekaribia kuanguliwa pale shangazi yao Bushiri na Sitara, Bi Kuruthumu, alipofariki kwa uzee, humo humo nyumbani. Watu wakajaa mpaka jikoni. Na kwenye msiba wa Wazaramo kama sisi huwezi kuwazuia Wanyamwezi, ni watani. Mtani huja kilioni kukuchekesha kwa nguvu, na akiona kuku humkamata akaenda naye, ni haki yake. Ukinuna, aibu ni yako.

Mtani wetu mkubwa alikuwa Tarsis, kijana wa Tabora, mpagazi wa bandarini mwenye mabega kama mlango, aliyekaa peke yake chumba kimoja Mtaa wa Sikukuu. Sitara alimwogopa kuliko kideri. Angempeleka kuku kwa Bwana Hashil yangekwisha. Lakini hakutaka kumwacha machoni mwa mtu mwingine, kwa hiyo akakiweka kile kikapu kwenye mkeka wa waliaji, akakifunika kwa kanga, akakaa ubavuni mwake akilia.

Tarsis akaingia, akatoa pole kwa wote, akasimama mbele yake.

"Mtani, pole sana. Lakini hii kanga mbona inahema?"

"Upepo," Sitara akasema.

"Upepo wa kwenu unasema ko-ko-ko?"

Akafunua. Wanawake, waliokuwa wanalia sasa hivi, wakaanza kucheka.

"Lo! Kumbe marehemu amenikumbuka kwenye mirathi!" Akamtia kuku kwapani na kutoka naye, kuku akimlaani kwa Kikuku njia nzima.

Nilimtazama Sitara. Alikuwa anacheka kama inavyopasa. Akaweka kiganja juu ya mayai, akakiacha hapo kidogo. Kisha akayafutika yote ndani ya kanga, kifuani.

"Wifi, twende."

"Wapi, na msiba huu?"

"Yanapoa, wifi. Twende."

Tulimkuta Tarsis uani kwake, sufuria iko motoni, kuku amefungwa mguu kwenye kitanda chumbani, naye anazunguka kwa majirani kuazima kisu.

"Hodi, mtani," Sitara akasema kwa sauti ya kuwatoa watu vyumbani, nao wakatoka. "Umemchukua mama, na watoto umemwachia nani? Mimi si yaya wako."

Akaingia, akalikunja koti la kazi la Tarsis kitandani, akayapanga mayai juu yake moja moja.

"Mtani, mimi nilichukua kitoweo tu!"

"Umeoa mwenye watoto. Ukimla mkeo, utawaatamia mwenyewe. Kitanda kikubwa, na joto unalo."

Uani watu walishika mbavu. Tarsis akatazama mayai, akatazama sufuria. Kukasirika hawezi, kuyarudisha mayai ni kukubali kushindwa na mwanamke wa Kizaramo mbele ya mtaa mzima. Akaiteremsha sufuria.

Kuku aliyeshtuka huweza kuyasusa mayai, na akihamishwa tena ndiyo kabisa. Kwa hiyo ilibidi abaki pale pale. Sitara alimwekea kikapu chini ya kitanda, akakifunika gunia kuwe na giza, akamkataza Tarsis kuchungulia. Usiku ule wifi yangu hakulala. Asubuhi Tarsis akabisha hodi kwetu kabla ya chai.

"Mtani, amekaa. Lakini hataki kula."

"Mbembeleze. Mke wako huyo, si wangu."

Mtaa wa Sikukuu ukampa jina la Baba Vifaranga. Bandarini nako likafika, sijui kwa mdomo wa nani. Sitara akasema si wake, nami nikamwamini nusu. Yeye alikuwa haendi kule, asije akaonekana ana shaka, lakini kila jioni alinituma mimi nikamwazime Tarsis kitu ambacho tayari tulikuwa nacho.

Mayai mengine yaliharibika. Yaliyobaki yakaanguliwa, vifaranga vya miguu mirefu isiyojua pa kwenda. Siku vilipotolewa uani mara ya kwanza, mwewe akashuka akanyakua kimoja. Tarsis alikuja kwetu mbio, macho mekundu kama aliyefiwa.

"Mwewe kaja kimya kimya, mtani! Hakuna hata aliyepiga kelele!"

Sitara aliketi kwanza. Halafu akamwambia, "Nani apige? Uani kwako pamefagiwa mpaka nzi wamehama. Shorewanda ndio humwona mwewe kabla yako. Wape maji, wape papai."

Basi yule bwana wa mabega akawa ananunua papai sokoni na kulichomeka kwenye ua wa makuti. Shorewanda wakaja. Mchana mmoja, amelala baada ya zamu, wakapiga kelele zao za hatari, kuku akafunika wanawe, na Tarsis akatoka na shuka kiunoni na ufagio mkononi, akamkimbiza mwewe mpaka barabarani. Mwewe aliambulia patupu. Shuka ilibaki kwenye ua. Wanawake wa Mtaa wa Sikukuu waliisimulia habari hiyo mpaka walipozeeka.

Vifaranga vilipoota mbawa, Tarsis akavileta Narung'ombe pamoja na mama yao.

"Mtani, nakurudishia mtalaka wangu. Nipe fidia. Jogoo mmoja."

"Chagua."

Akainama, akavitazama sana, akamnyanyua mmoja. "Huyu. Ana shingo ya Kinyamwezi."

Sitara akameza tabasamu. Alikuwa amekwisha kuwatambua, na yule alikuwa mtetea. Tarsis alikuja kujua pale jogoo wake alipotaga juu ya koti.

Sitara alibaki na jogoo mmoja tu katika wote, mrefu, kifua wazi. Tulingoja awike. Siku alipowika, Tarsis alikuwa kwetu anakunywa chai. Ilikuwa sauti fupi, nzito, ya kukwaruza, iliyokatika kabla haijafika mwisho.

Tarsis akacheka akamwaga chai. "Mtani, huyu ana mafua!"

Bushiri alikuwa ameganda, kikombe mkononi, anamtazama dada yake. Sitara alikuwa amesimama mlango wa uani, mgongo kwetu, upindo wa kanga usoni.

"Nyamaza, Tarsis," akasema. "Wa baba waliwika hivyo hivyo. Nyamaza awike tena."