Bega la Mheshimiwa

Mama alifariki alfajiri, nyumbani kwetu Bongwe, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Ugonjwa wake wote alirudia neno moja: "Esha, nikifa msinikawize. Msiningojeshe mtu." Nilijua mtu huyo ni nani. Ni mdogo wangu Alamin, Mheshimiwa Alamin, anayeutaka urais.

Nilimpigia simu. Alikuwa Nakuru, akijiandaa kwa mkutano wa hadhara.

"Inna lillahi, Dada Esha," alisema. "Ningojeeni. Nitakuja alasiri na helikopta."

"Mama alisema asingojeshwe."

"Dada, taifa zima litataka kuniona nikimzika mama yangu."

Taifa. Kila akihojiwa kwenye televisheni humtaja Mama kuwa ndiye nguzo yake, na machozi yakamlengalenga. Si uongo, Mama ndiye aliyembeba. Alipogombea udiwani hana mbele wala nyuma, Mama aliacha karai lake la viazi vya kuuza akazunguka Tiwi yote mlango kwa mlango, akiwabembeleza wanawake wenzake wampigie mwanawe kura. Akawa mbunge, akawa waziri, akaoa Nairobi, kisha akaoa tena, na harusi zote mbili Mama alizisikia kwa majirani. Mama alipolazwa hospitali ya Msambweni, Alamin alituma shada la maua. Maua ya nini, na mtu anataka mwanawe akae kitandani amkande miguu?

Ami Seifu, mdogo wake marehemu baba, naye alikuwa upande wa Alamin. "Tumngoje, mwanangu. Ni mtu mkubwa."

"Ami, Mama ameshaoshwa na kuvikwa sanda," nilimwambia. "Msipomtoa adhuhuri, tutamtoa sisi wanawake."

Walinijua kuwa sitanii. Mama alitoka adhuhuri, jeneza limefunikwa leso yake ya siku zote. Kwetu mtu habebi jeneza hadi mwisho. Unalishika hatua chache, mwenzako anakuja kukupokea, na wote wanagombania thawabu hizo. Nilisimama mlangoni nikaona Mama akipita juu ya mabega ya watu bila kutua.

Walirudi kutoka makaburini na jeneza la msikiti, lile linalobeba kila maiti, likiwa tupu, wakaliegemeza uani wakati wanakula. Hapo ndipo helikopta ilipotua uwanja wa shule, ikatupulizia mchanga hadi ndani ya sufuria za wali. Alamin alishuka na kanzu mpya, walinzi na wapiga picha. Alipoambiwa kuwa Mama ameshazikwa hakulia. Alimtazama msaidizi wake, Kavumbi, na Kavumbi akanijia mimi.

"Pole sana, mathe. Hiyo jeneza si bado iko hapa? Tuibebe tu hadi barabarani. Ni picha moja tu ya news ya jioni."

Nilimpita nikaenda kwa ndugu yangu. "Alamin, nitazame. Unataka kubeba mbao tupu uwaambie watu kuwa ndani yumo Mama?"

"Dada, siasa huijui," alisema, macho chini. "Mama angekubali. Mama hakuwahi kuninyima kitu."

Hasira zilinipanda. Nilitaka kumzaba kofi mbele ya kamera zake zote, na mpaka leo najuta sikumzaba.

"Beba," nilimwambia. "Lakini leso yake huipati."

Walitandika kitambaa cha kijani walichokitoa kwenye helikopta. Alamin alishika mbele, na walinzi watatu wakashika pembe zilizobaki. Wakatoka uani, wapiga picha wakirudi nyumanyuma mbele yao, nami nikawafuata.

Walinzi hao ni watu wa bara, desturi yetu hawaijui. Alamin anaijua. Walipofika dukani kwa Sanga jasho lilikuwa limemlowesha kanzu, na nilimwona akigeuza shingo kutafuta wa kumpokea. Wanaume waliomzika Mama walikuwa wamesimama ukingoni mwa njia, na Ami Seifu akiwa miongoni mwao. Hakuna aliyenyanyua mkono.

Akageuka tena. Kamera zilikuwa zinamtazama, hakuweza kulitua jeneza. Aliyekuwa akimpokea mizigo yake maisha yake yote, tulikuwa tumeshamzika adhuhuri.