Uzi Mwekundu Shingoni mwa Chupa

Duka la Mama Jaza halikuuza chupa. Liliuza vinavyoingia ndani ya chupa. Ukitaka mafuta ya kupikia, siki au sabuni ya maji, unaleta chupa yako uliyoiosha, unaiacha kaunta asubuhi, na baadaye unaikuta rafuni imejaa. Jina hilo alipewa na mtaa kwa utani, maana kila aliyepita mlangoni aliambiwa, "Lete nijaze." Mwanzoni watu walimcheka. Kisha mvua ikaja, mtaro wa mtaa ukaziba kwa chupa tupu, maji machafu yakaingia vyumbani hadi kwenye magodoro, na vicheko vikaisha. Tangu hapo chupa haikutupwa ovyo, na mtaro ulipitisha maji vizuri.

Kitu kimoja tu dukani kilimtia hofu: dawa ya kuzibulia sinki. Haikuwa na rangi wala harufu. Ukiitazama utasema ni maji, lakini ilikula mafuta, nywele, hata ngozi ya mtu. Karatasi za majina zilibanduka kila chupa zilipooshwa, kwa hiyo akabuni nyuzi. Cha kuliwa kilifungwa uzi mweupe shingoni mwa chupa. Kisichofaa kufika mdomoni kilifungwa uzi mwekundu. Mtaa mzima ulijua hivyo, hata watoto.

Siku hiyo alimwachia duka wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuja kuwatembelea na kukataa kukaa bure. Aliporudi mchana alikuta sakafu imefagiliwa, kaunta inang'aa, chupa zimepangwa kwa urefu. Akafurahi. Alikuwa hata hajavua mtandio wakati kinyozi wa jirani alipoingia kuchukua chupa yake. Sinki la kinyozi lilikuwa limeziba nywele tangu juzi.

Kinyozi alifungua kifuniko, akakunja uso.

"Mama Jaza, mbona dawa yako leo inanukia siki? Unataka sinki langu lile saladi?"

Mama Jaza akacheka. Akaichukua ile chupa, akanusa. Siki. Akatazama shingo ya chupa. Haikuwa na uzi. Akainua macho rafuni, na chupa zote, kubwa kwa ndogo, zilikuwa shingo wazi.

"Wifi," akaita taratibu. "Nyuzi ziko wapi?"

Wifi akatoka chumba cha nyuma na kopo mkononi, uso umechangamka.

"Nimezifungua zote, wifi. Nyuzi nzima kabisa, zinaondoka na chupa za watu na hazirudi. Si wewe mwenyewe unayesema kila kitu kitumike tena? Nikaona nianzie hapo."

Ndani ya kopo nyuzi nyeupe na nyekundu zilikuwa zimekunjwa pamoja, donge moja. Mama Jaza alilitazama lile donge, akaelewa kosa lilikuwa la nani. Mtaa mzima ulijua maana ya nyuzi. Wifi hakuwa wa mtaa ule, na hakuna aliyemwambia.

"Palikuwa na chupa mbili hapa, zinafanana. Ya pili amechukua nani?"

"Mama Pacha. Amepita sasa hivi kufuata siki yake. Amesema anakwenda kuloweka vitunguu."

Kinyozi aliiweka kaunta chupa ya siki, polepole, kana kwamba ingeweza kupasuka.

"Basi aliyoondoka nayo ni yangu," akasema.

Mama Jaza alipiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena huku ameshatoka nje. Nyumba ya Mama Pacha ilikuwa ng'ambo ya mtaro, ghorofa ya juu, na hajui alivukaje. Fundi viatu aliyekaa kibarazani alimwita, "Mama Jaza, umeacha chungu motoni?" na watu wakacheka, lakini yeye hakusikia kicheko. Alikuwa anaona sahani nne mezani, na wale pacha wawili wa kike, ambao humaliza vitunguu kabla chakula hakijapakuliwa. Ndara moja ilikatika kwenye ngazi. Akaiacha hapo hapo.

Mlango ulikuwa wazi. Mama Pacha alisimama jikoni akitazama bakuli.

"Jirani, afadhali umekuja. Siki yako imeharibika. Nimeimimina kwenye bakuli la alumini, inatokota bila moto. Hebu ona."

Vitunguu vilikuwa vimegeuka rangi, vikielea kwenye povu la kijivu.

"Usiguse. Si siki, ni dawa ya sinki. Nani ameonja?"

"Hakuna. Hata sijapakua." Kisha Mama Pacha akageuka, na sauti ikapungua. "Wewe. Mbona umeficha mkono?"

Pacha mmoja alikuwa kajibanza nyuma ya mlango. Ndiye yule mtundu, asiyepitwa na chungu bila kuchovya. Mama Jaza aliuvuta ule mkono. Kidole kilikuwa chekundu, na kilimteleza kama kilichopakwa sabuni. Akampeleka kwenye bomba, akafungulia maji, akayaacha yatiririke juu ya kidole bila kukoma.

"Ulikiweka mdomoni?"

Mtoto akafumba mdomo.

"Sema," mama yake akasema, na neno likatoka kama kilio. "Sema, nitakuchapa!"

Mtoto akazidi kufumba mdomo. Mama Jaza alipiga magoti kwenye sakafu iliyolowa, uso wake ukawa sawa na wa mtoto. Sauti aliishusha.

"Hakuna atakayekuchapa. Mimi ni mkubwa kuliko wewe na leo nimekosea zaidi. Niambie tu."

"Kidogo," mtoto akanong'ona.

Walimsukutua kwa maji, wakamwambia ateme, wakamsukutua tena. Kinyozi, aliyekuwa amefika anahema, akambeba begani mpaka zahanati bila kusema mzaha wowote njiani.

Muuguzi alimulika kinywa cha mtoto kwa tochi. Midomo ilikuwa imewiva ukingoni, ulimi una alama ndogo nyeupe. Koo, alisema, bado hawezi kulisemea. Wangoje. Kama ataweza kumeza maji bila maumivu, watapumua.

Wakangoja kwenye benchi la ukutani. Wifi alikuwa ameketi mwisho kabisa, kopo la nyuzi bado liko mapajani, hakukumbuka kuliacha dukani.

"Mimi nitarudi kununua chupa zilizofungwa kiwandani," Mama Pacha akasema, bila kumtazama mtu. "Mtaro na uzibe. Usinichukie, jirani."

"Sikuchukii."

Aliyaona tena yale magodoro yamelowa, akaona na kidole chekundu. Akajua kwamba leo kidole kinashinda, na ni haki yake kushinda.

"Dawa ile sitaijaza tena," akasema baadaye. "Kwenye chupa ya mtu yeyote. Yenye uzi wala isiyo na uzi."

"Na nywele zangu?" kinyozi akauliza kwa sauti ya chini.

"Weka wavu kwenye tundu la sinki, nywele zisiingie kabisa."

Kinyozi akafikiri. "Wavu. Kumbe miaka yote hii ilikuwa wavu tu."

Muuguzi akatoka na kikombe cha maji, akampa mtoto. Mtoto alikishika kwa mkono usio na bandeji. Akachungulia ndani. Yalikuwa maangavu, hayana rangi, hayana harufu. Akamtazama mama yake, kisha akamtazama Mama Jaza, machozi yakimlengalenga.

"Haya ni maji kweli?"

Mama Jaza alinyoosha mkono, akapokea kikombe. Alijua ni maji. Alikuwa ameyasikia yakitoka bombani chumba cha pili. Hata hivyo, kikombe kilipogusa midomo yake, ikabidi ajilazimishe. Akameza funda moja, akangoja, akameza la pili.

"Ni maji," akasema.

Mtoto alimtazama muda mrefu, kama anayengoja kuona kitakachompata. Kisha akachukua kikombe, akafumba macho, akanywa. Watu wanne kwenye benchi walilikodolea macho koo lile dogo, likapanda, likashuka.