Wawili wa Chemchemi

Saa sita mchana pampu za machimbo zingewashwa, na chemchemi ingekauka kabla ya jioni. Saa nne na nusu Profesa alikuwa bado anazunguka maabara kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Dada, kweli hakuna njia nyingine?"

"Njia ipi, Profesa? Soma mwenyewe."

Barua ya ofisi ya mazingira ilikuwa mezani. Picha hazitoshi. Ili wazuie pampu, walitaka samaki mwenyewe wa chemchemi hiyo, mfu, ndani ya chupa, pamoja na maelezo ya jinsi anavyotofautiana na wenzake wa mtoni. Bila hivyo, kwao samaki huyo hayupo duniani. Nikisema sheria hiyo iliandikwa na mtu aliyeshiba akasinzia, naambiwa nina mdomo.

Wiki tatu tulivua kwenye chemchemi ile mpaka vidole vya miguu vikaota fangasi. Tulipata wawili tu, dume na jike, wadogo kama kidole gumba. Maji yalikuwa yameshapungua nusu kwa sababu ya machimbo. Mababu zao walitengana na mto maelfu ya miaka iliyopita, wakabadilika kidogo kidogo humo humo. Profesa aliliamini hilo kwa moyo wote, ila alikuwa amehesabu miiba na magamba yao bila kupata tofauti hata moja ya kuandika.

"Tumuue yupi?" akauliza. Mtu ana shahada tatu na hajawahi kuua hata dagaa. Kazi hiyo ni yangu, mwaka wa ishirini na sita sasa.

"Dume," nikasema. "Siku ya nne hii hagusi chakula, amenuna tu pembeni. Huyo ni wa kufa. Jike huenda ana mayai. Ukoo huu wote, jike ndiye anayelea watoto mdomoni. Nani asiyejua?"

Akaitikia kwa kichwa. Pikipiki ya kupeleka chupa ilikuwa inanguruma chini ya dirisha.

Kwa kawaida namlaza samaki kwenye maji yenye mafuta ya karafuu mpaka mashavu yatulie, dakika kumi hivi. Huyu nilimpa nne. Pikipiki ilikuwa inasubiri. Nikamtumbukiza kwenye chupa ya fomalini, dawa ya kuhifadhia mizoga.

Akapanua mdomo.

Mayai yakatoka, ya manjano, moja moja, yakashuka hadi chini ya chupa. Nikazamisha vidole bila glavu, nikayachota, nikayamwaga kwenye maji safi. Kila yai lilikuwa na vidoa viwili vyeusi, macho tayari. Hakuna lililosogea.

Profesa akainama akayatazama. Nilidhani atalia. Akasema kwa sauti ndogo, "Dume ndiye analea. Wa mtoni hawafanyi hivi. Dada, hii ndiyo tofauti."

"Nyamaza," nikamwambia bosi wangu.

Lakini lebo niliandika mimi, maana mwandiko wake hausomeki: dume, mayai kumi na saba mdomoni. Pikipiki ikaondoka mbio. Saa sita kasoro dakika tano ofisi ikapiga simu. Pampu zimezuiwa, chemchemi imesalimika, hongereni sana.

Profesa akawashukuru. Jike alikuwa anazunguka tangi, kona hadi kona. Chemchemi nzima ilikuwa yake sasa, yake peke yake. Nililia mpaka Profesa akatoka nje.