Watu Ishirini na Wawili Mgongoni

Kibanda cha maji cha Musili kilikuwa kimefungwa kufuli miaka miwili, na bado kilikuwa kikisalimia watu.

Wa kwanza kusema hivyo alikuwa jirani yake Kitheka, mzee wa pale Kola aliyependa mzaha kuliko chakula. Alifika saa sita za mchana, jua likiwa limesimama wima na kivuli cha kila mtu kimejikunyata chini ya nyayo zake. Siku hiyo hakuwa na mzaha.

"Musili, bibi yako amenisalimia."

"Umekunywa nini wewe, na jua ndio hili?"

"Ningekuwa nimekunywa ningemjibu. Nimepita hapo kwa kibanda nikasikia, 'Karibu Theluji, kunywa uishi.' Sauti ni yake, na kale kakikohozi kake kako hapo katikati. Mimi huyo, nikashika njia. Hata kofia nimeacha huko."

Musili alimtazama kipara chake kinachong'aa, akacheka kicheko kikavu kisichofika machoni. Baadaye, peke yake, alikwenda kuichukua ile kofia. Aliikuta barazani. Mtu alikuwa ameikung'uta vumbi na kuiweka juu ya benchi.

Maneno yale ya salamu hayakuwa ya Mutindi, mkewe marehemu. Yalikuwa ya kampuni. Kampuni yenyewe ilitoka Kanada mwaka wa tisini na nane, ikiwa na picha ya mlima mweupe na watu wanaotabasamu kwa meno yote. Haikuuza kibanda, iliuza ruhusa ya kutumia jina. Ukishapewa jina la Theluji ulipewa na kitabu cha masharti, kinene kama Biblia na kisichosamehe kama Biblia. Ukuta upakwe rangi ya samawati, si nyingine. Dirisha liwe moja, la mbele. Mlinzi asitoke tangu saa kumi na mbili mpaka saa kumi na mbili. Unga mweupe wa kusafishia maji uchanganywe ndani, mlango ukiwa umefungwa, vumbi lisiingie. Na kila mteja asalimiwe kwa maneno yale yale. Vibanda vilikuwa ishirini na vitatu, kutoka Kola hadi mjini Machakos, na vingine njia ya Wamunyu, vimefanana kama kunde za ganda moja. Ukiingia kimoja umeingia vyote.

Mutindi alichanganya unga ule miaka mitatu. Harufu yake ilikaa kooni kama mwiba. Mwaka wa elfu mbili na moja kifua kikamshinda, akazikwa kabla ya mvua ya Machi, ambayo hata hivyo haikunyesha.

Musili hakumlilia mkewe, alilaani. Alimlaani chifu aliyewaleta Wazungu wale barazani. Alimlaani mbunge aliyekata utepe. Aliwalaani madaktari waliomwandikia marehemu dawa ya mafua, na mkaguzi wa kampuni aliyekuja kupima rangi ya ukuta asipime pumzi ya mtu. Alilaani kwa mpangilio, asubuhi na jioni, kama wengine wanavyosali. Laana ilimshibisha. Mtu akiwa na wa kumlaumu, upweke haumkuti mikono mitupu.

Kwa hiyo wakili Maundu wa Machakos alipowaita walinzi wa vibanda kanisani Kola, mwaka wa elfu mbili na tatu, Musili alikaa mstari wa mbele. Wakili alikuwa kijana mnene mwenye sauti tulivu, akishirikiana na mawakili wenzake wa Toronto.

"Hii ni kesi ya pamoja," alisema. "Mahakama ya kule inakubali mmoja asimame kwa niaba ya wote, kwa sababu vibanda ni sawa, masharti ni sawa, na ugonjwa ni sawa. Aliyeumia katika kimoja ni kama ameumia katika vyote. Tukishinda, kampuni itagharimia matibabu ya vifua vyenu maisha yenu yote. Lakini jueni, yule mmoja akianguka, mmeanguka naye."

Kanisa lilijaa vikohozi, kimoja kikijibu kingine. Kisha Hoodo akasimama. Alikuwa mke wa Warfa, mchuuzi wa ng'ombe, na kibanda chake kilikuwa mjini karibu na soko la mifugo.

"Musili ndiye," alisema, akivuta pumzi katikati ya maneno mawili. "Alikuwa mwenyekiti wetu sisi walinzi. Na yeye ako na kaburi. Sisi tuko na kikohozi tu."

Wakapiga makofi. Wiki iliyofuata Musili akaapa mbele ya kamishna wa viapo, ghorofani, mkono wa kulia juu. Karani alimsomea hati kwa Kiswahili, aya baada ya aya. Aya ya tisa ilisema kwamba yeye na walinzi wenzake hawakupata kamwe onyo lolote kuhusu hatari ya unga ule. Musili aliisikia ikipita kama mtu anayesikia nyoka akipita chini ya kitanda. Hakusogea. Akatia sahihi.

Kwa maana onyo lilikuja.

Lilikuja mwaka wa elfu mbili, kwa pikipiki. Wakala wa kampuni alimletea mwenyekiti bunda la karatasi ishirini na tatu. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, lakini juu yake palikuwa na picha mbili: kibanda kisicho na dirisha la nyuma kimekatwa kwa alama nyekundu ya X, na kibanda chenye dirisha la nyuma kimetiwa alama ya kijani. Hata mtu aliyeishia darasa la tatu hakuhitaji kusomewa. Wakala akamwambia awagawie wenzake, kila mmoja atoboe ukuta kabla ya kuchanganya unga tena.

Mwezi ule ule kampuni ilikuwa imempa mpwa wa chifu baiskeli mpya. Musili, mwenyekiti mzima, alikuwa akitembea kwa miguu.

"Baiskeli mnapeleka kwa chifu, mzigo mnaleta kwangu," alimwambia wakala. "Mimi si punda wa mtu. Waliojenga ndio watoboe."

Wakala akacheka, akaliacha bunda juu ya benchi, akawasha pikipiki yake. Hakuonekana tena. Mutindi aliuliza karatasi zile zilikuwa za nini. "Maneno ya wakubwa," Musili alimjibu, na msimu ule wa kupanda akafungia humo mbegu za maharagwe.

Kitheka alikuwa akimngoja nje ya jengo la wakili, kofia kichwani.

"Umemaliza kuapa?"

"Nimemaliza."

"Basi huyo wakili amewaletea kithitu cha karatasi." Alikuwa akitabasamu. "Si ni vile vile? Kwa kiapo cha kithitu mtu haapi peke yake. Anaapa na ukoo wote mgongoni. Akidanganya, yeye hafi haraka. Anakufa dada, anakufa binamu, mmoja mmoja. Yeye anaachwa wa mwisho ndio azike wote. Na wewe ukoo wako sasa umekuwa mkubwa, Musili! Watu ishirini na wawili, mpaka Wasomali wako ndani."

Kitheka akacheka mpaka akajishika kiuno. Musili alitazama kiganja chake cha kulia, kile alichokiinua, akakifuta kwenye suruali.

Wiki tatu baadaye Kalunde, mlinzi wa kibanda cha njia ya Wamunyu, akafa. Daktari alisema ni mapafu, na nani angembishia? Alikuwa akikohoa tangu mwaka juzi. Lakini matangani wanawake walinong'ona kwamba siku sita kabla ya kifo sauti ya Mutindi ilisikika kibandani kwa Kalunde. Haikuishia huko. Ilisikika kingine, na kingine tena, mchana kweupe, saa za kuchanganya unga. Watu wakalijadili jambo lile bila ubaya, kama wanavyojadili ng'ombe aliyepotea njia. Vibanda vimefanana, walisema. Marehemu anarudi kazini kwake na hajui chake ni kipi. Maskini Mutindi, anaingia hiki, anatoka, anaingia kile.

Musili akaacha kulaani. Si kwamba aliamua. Siku moja alifungua kinywa kumlaani chifu, akakuta hana mate.

Akashuka mjini kumwona Hoodo. Alimkuta kibandani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mashavu yameingia ndani, ushungi umelegea shingoni. Pembeni yalisimama mapipa mawili ya unga yaliyobaki kampuni ilipofunga virago.

"Mbona hufungi, mama Deka?"

"Nikifunga watu watakunywa nini? Maji ya mtaro?" Akapumzika, akavuta pumzi. "Karibu ukae. Sisi wawili hapa tumezoea kukutaja jina tu."

"Wawili?"

"Mimi na mke wako." Alisema bila kuinua sauti, kama anayetaja mpangaji mwenzake. "Huja nikifunga mlango nichanganye. Hanisumbui, wallahi. Mtu wa heshima. Lakini anapapasa ukuta."

"Anapapasa ukuta gani?"

"Huo wa nyuma. Na kiganja, polepole, kama mtu anatafuta swichi ya taa. Namwambia, dada yangu, hapo hakuna kitu. Anaacha kidogo, anakohoa, halafu anaanza tena. Wewe umeishi na yeye. Anatafuta nini?"

Musili aligeuka. Kwenye ukuta wa nyuma, usawa wa kifua cha mwanamke, rangi ya samawati ilikuwa imefifia mahali pamoja, duara kama sinia, saruji ikichungulia. Penginepo pote rangi ilikuwa nzima.

"Sijui, mama Deka," akasema.

Huo ulikuwa uongo wake wa pili, na huu hakuandikiwa na wakili.

Mawakili wa kampuni waliomba kumhoji kuhusu hati yake ya kiapo. Wangemhoji kwa simu, kutoka Toronto, saa kumi na moja za jioni ambazo huko zilikuwa asubuhi. Mkalimani alikuwa Deka, binti ya Hoodo, aliyekuwa amemaliza chuo na akikisema Kiingereza kama redio. Aliapishwa kwa Kurani kwamba atatafsiri kila neno, asipunguze, asiongeze.

Kabla hawajaanza, Maundu alimvuta Musili dirishani.

"Mzee, sikiliza. Yule wakala wao anadai alikupa karatasi fulani. Hana sahihi yako, hana shahidi. Ukisema hapana, ni hapana. Imeisha."

"Na nikisema ndiyo?"

Wakili alicheka kidogo, kama kwa mzaha wa mtoto. Kisha akamtazama vizuri, akaacha kucheka. "Ukisema ndiyo, basi onyo lilifika kwa mwenyekiti wa wote. Hakuna kesi. Hakuna dawa ya mtu yeyote. Lakini hutasema ndiyo."

Simu ilikaa katikati ya meza, ya kijivu, na kipaza sauti chake kimejaa vitundu. Sauti ya Toronto ilikuwa ya upole. Musili alijibu jina lake, umri wake, idadi ya vibanda. Kila alipojibu, jibu lake lilimrudia kutoka ndani ya chombo, limechelewa kidogo na limezeeka kidogo, kana kwamba Musili mwingine alikuwa amekaa mle ndani akipima kila neno kabla ya kulikubali.

Kisha ule upole wa Toronto ukauliza swali refu. Deka akainamisha kichwa, akalipanga.

"Anauliza, mzee, kama kuna mtu amewahi kukupa karatasi zenye picha ya dirisha."

Neno "hapana" lilikuwa tayari. Lilikaa ulimini kama kokoto. Musili alitafuta mtu wa kumtupia. Chifu hakuwamo chumbani. Mbunge hakuwamo. Kampuni ilikuwa ng'ambo ya maji mengi, na Wazungu wake walikuwa wakinywa chai ya asubuhi. Alizunguka moyoni mwake kama mtu anayezunguka boma tupu akiita, na aliyemwitikia alikuwa mmoja tu.

"Nilipewa," akasema. "Ishirini na tatu. Niliambiwa nigawe, sikugawa. Nilifungia mbegu za maharagwe. Mutindi aliniuliza, nikamwambia ni maneno ya wakubwa."

*Maneno ya wakubwa*, chombo kikarudia.

Kalamu ya Maundu ilisimama. "Hajaelewa swali," alimwambia Deka kwa haraka. "Lirudie swali."

Deka hakulirudia. Alikuwa akimtazama Musili, midomo imefunguka kidogo. "Na ya mama ilikuwa ndani?"

"Na ya mama yako. Mwambie asiguse unga kesho mpaka atoboe ukuta wa nyuma. Hata kwa mtaimbo. Amwite mtu atoboe."

Toronto ikauliza kitu, kwa neno moja au mawili. Walikuwa wakingoja.

"Deka," Maundu akasema taratibu. "Mkumbuke mama yako. Dawa yake."

Msichana alikuwa na mkono wa kulia mezani. Aliutazama kana kwamba mtu mwingine ameusahau pale.

"Hiyo ya mtaimbo, mzee," akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto, "hiyo pia nitafsiri?"

"Yote. Usiache kitu."

Deka akafumba macho, akaanza. Kiingereza kile kilimpita Musili juu kwa juu, kama mvua inayonyesha shamba la jirani. Hakujua ni wapi bunda lilipotajwa, wala wapi maharagwe. Alitega sikio tu, mikono magotini, mpaka mahali fulani katikati akasikia Mutindi, jina zima, limetamkwa vizuri kama linavyotamkwa nyumbani. Kisha Deka akamaliza.

Upande wa Toronto ilisikika karatasi tu, ikifunuliwa, halafu nyingine.