Sahani ya Ndugu Katibu

Zamda alikuwa amepiga magoti mkekani, sahani ya santuri ameilaza juu ya kipande cha kanga kuukuu, akiipapasa kwa ncha ya kidole. Mkwaruzo ulianzia ukingoni, ukakatiza nyimbo mbili, ukaishia karibu na karatasi nyekundu ya katikati. Jicho lilionyesha ulipopita. Kidole ndicho kilichojua wapi umeinua kingo na wapi umegusa juu juu tu. Palipoinuka alipitisha mwiba wa mgunga, ncha yake imelainishwa kwenye jiwe, akasukuma pole pole kufuata mstari mpaka kidole kisikwame tena.

Kidole chenye sugu hakisikii. Marehemu baba yake alimwambia hivyo alipomaliza darasa la saba na kukaa naye kujifunza kazi hii. Kwa hiyo Zamda hakushika jembe, na kamba ya kisima aliishika viganja vimefungwa matambara. Majirani walisema anajidai. Yeye aliendelea kutengeneza sahani zao.

"Imefika wapi?" aliuliza mama yake, Tatu, aliyekuwa amenyoosha miguu yake iliyovimba karibu na mlango.

"Wimbo wa kwanza umepona. Wa pili bado unarudia pale pale."

"Jitahidi, mwanangu. Leo wanapita mtaa huu."

Hakuuliza kina nani. Wiki nzima lori lilikuwa likizunguka Tabora kukusanya watu wasio na kazi na kuwapeleka mashambani. Mshona viatu wa barazani alipelekwa. Muuza maandazi naye alipelekwa, na unga wenyewe ulikuwa umeadimika hata hana cha kukaanga.

Lakini sahani iliyokuwa mkekani ilikuwa ya Ndugu Dionis, katibu wa kamati iliyotembea na lori hilo. Aliileta mwenyewe, ameifunga kwenye gazeti, akicheka: "Mke wangu anaipenda hii kuliko anavyonipenda mimi." Tangu siku hiyo mama alilala usingizi. Aliiona sahani ile kama hirizi ya nyumba.

Balozi wao wa nyumba kumi, Mzee Shomari, aliingia kwa mlango wa uani bila hata kumalizia hodi.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba. Wako nyumba ya tatu kutoka hapa. Wanatazama viganja. Asiye na sugu anapanda lori." Akaokota jembe lililoegemea ukuta, akamsogezea. "Chimba hapo uani. Utoke hata malengelenge, tuwe na la kuwaonyesha."

Zamda akalitazama jembe. "Nikitoka malengelenge, sahani hii siimalizi."

"Sahani! Kuna wali humo?"

"Ni ya Ndugu Katibu."

Mzee Shomari akaitazama sahani. Akalirudisha jembe ukutani. "Basi omba Mungu huyo katibu awe anakumbuka," akasema, akatoka alikoingilia.

"Chimba kidogo tu," mama akanong'ona.

"Mama, nikimpa imepona, atanikana vipi?" Akainama tena. Betri za gramafoni alikuwa amezianika juani tangu asubuhi, na nguvu iliyobaki ilitosha kujaribu mara moja tu.

Hakuwahi kujaribu. Mgambo aitwaye Masolwa alisimama mlangoni na rungu lake, majirani wamejaa nyuma yake.

"Mwangaluka, mama," alimwamkia Tatu kwa adabu, kisha akamgeukia Zamda. "Dada, mikono."

Zamda akanyoosha. Masolwa akaigeuza mikono ile huku na huku.

"Alaa! Hivi ni viganja au ni sponji? Bibi harusi gani huyu?"

Watu wakacheka.

"Kazi yako nini?"

"Natengeneza sahani za santuri zilizokwaruzika."

"Umeajiriwa na nani?"

"Na watu wenye sahani."

"Watu gani?"

Ndugu Dionis alikuwa ameingia, amesimama kando, kalamu mbili mfukoni mwa shati. Zamda akamtazama. "Ndugu Katibu anajua."

Kicheko kikakatika. Dionis aliiona sahani mkekani, na gazeti lake pembeni. Kisha akawaona majirani mlangoni, wanangoja.

"Kamati haitambui michezo ya nyumbani," akasema. "Taifa lina njaa. Apande."

"Baba yangu," Tatu akamsihi katibu, "na miguu hii, nani atanichotea maji?"

"Balozi yupo, mama. Ataangalia."

Masolwa akamwambia Zamda afunge nguo zake, akaendelea na nyumba ya jirani, umati ukamfuata. Dionis alibaki. Alipoona mlangoni hakuna mtu tena, akachuchumaa mkekani.

"Hii imeisha?"

"Bado wimbo wa pili."

"Malizia upesi. Nitawaambia wakungoje. Nina wageni jioni, nimeshamwahidi mama watoto."

"Na mimi?"

"Wewe nenda kwanza. Mambo yakitulia, tutaona."

Zamda akauchukua mwiba, akaushikilia juu ya mkwaruzo. Palikuwa pamebaki mahali padogo tu.

"Nenda usimame hapo mlangoni, Ndugu Katibu. Sema kwa sauti, wale pale wakusikie: mwacheni, huyu yuko kazini. Nitamaliza sasa hivi."

"Usinifundishe la kusema, binti."

"Sikufundishi. Naomba."

Dionis akatazama nje. Masolwa alikuwa akimtoa mtu mwingine, watu wakishangilia. Akabaki amechuchumaa pale pale.

Zamda akauweka mwiba chini. Akaipangusa sahani, akampa kwa mikono miwili, kama anavyompa mtu yeyote aliyemzidi umri.

"Samahani, ndugu. Mimi sina kazi. Umesema mwenyewe."

"Unajua naweza kukufanya nini?"

"Kunipandisha lori?"

Mama akaguna, nusu kilio, nusu kicheko. Zamda akamsogezea mtungi mpaka mkono wake ulipofikia, akaweka kata juu yake, akambusu utosini. Akachukua furushi lake, akatoka.

Alipokwisha kupanda lori akamwona Dionis barazani. Gazeti lilikuwa limemponyoka. Alikuwa ameikamata sahani katikati ya nyimbo, dole gumba lenye jasho limekandamiza mistari. Kwa mteja mwingine yeyote Zamda angepiga kelele: shika ukingoni!

Akageuka, akawaomba wanawake waliokaa sakafuni wamsogezee nafasi kidogo.