Mshale Ulisimama kwenye Tatu

“Geji hii haijui kusema uongo, Bibi!” Ackson alijigamba, akiifunga geji hiyo ya kupimia nguvu ya maji kwenye bomba la kijiji cha Kawetele. Mshale ukapanda hadi tatu, ukatulia tuli.

Bibi Felista, aliyeketi barazani miguu imemvimba, hakuutazama. “Leo Jumapili, gwe mwana. Watu wako kanisani, kiwanda cha chai hakivuti maji. Nani anayagombania? Njoo kesho.”

“Kesho utakuwa umenuna, Bibi. Maji yakuone hivyo, si yatarudi yalikotoka?”

Akacheka peke yake.

Mwongozo wa mradi wa maji ulitaka vipimo kumi na viwili ndani ya siku tatu. Lakini Bwana Prosper, meneja wa mradi, alikuwa amemvuta Ackson, kibarua wake, pembeni: “Ripoti Jumatano. Mwekezaji aliyeuziwa kiwanda anaitaka na chemchemi ya wanakijiji. Bomba likionekana la uhakika, itasemwa hawaihitaji tena, anapewa. Lisipoonekana, wewe rudi ukachume chai.”

Ackson alishawahi kuchuma chai. Vidole vyake vilikuwa na kumbukumbu zaidi kuliko kichwa. Akakaa chini ya mgomba, akatunga vipimo kumi na kimoja vilivyobaki: hapa mbili nukta tisa, pale tatu nukta moja, vionekane vimetokwa jasho.

Alhamisi, mkutano ukafanyika palepale bombani. Kiwanda kilikuwa kikinguruma bondeni.

“Maji ni ya uhakika,” Prosper alisoma. “Chemchemi itazungushiwa seng’enge.”

Bibi Felista akajikongoja na fimbo yake, ndoo mkononi. “Jumatatu ulipima saa ngapi, mwanangu?”

“Saa moja asubuhi, Bibi.”

“Jumanne?”

“Saa nane. Jua kali, hata geji ilitaka kivuli.”

Watu wakacheka. Walimpenda kwa utani wake.

“Miguu hii hainipeleki mbali na baraza,” alisema Bibi. “Bomba liko mbele ya macho yangu. Tangu Jumapili sijakuona.”

Kicheko kikakatika. “Funga geji!” mtu alipaza sauti.

Ackson akaifunga bombani. Mshale haukutikisika kutoka kwenye sifuri. Alipoifungua, bomba likapiga mluzi mwembamba, likanyamaza.

Prosper akatazama saa yake. “Ripoti imeshapelekwa. Kikao kimefungwa.”

Kule chini chemchemini, nyundo zilikuwa zikigonga nguzo.

Bibi Felista akaiweka ndoo miguuni pa Ackson, akachomoa kalamu mfukoni mwa shati la kijana, akamshikisha.

“Haya, mwanangu. Andika. Andika mpaka ijae.”