Kengele ya Ishirini na Tatu

Léocadie alikuwa hajakanyaga kiwanda kile tangu mumewe, Placide, afariki mwezi wa tano. Alishuka kwenye teksi karibu na robot, zile taa za barabarani, akavuka barabara, mtaa wa Alexandra ukiwa nyuma yake, akaingia kwenye mlango mkubwa wa bati.

Kengele ishirini na mbili zilikuwa zimepangwa sakafuni juu ya mbao, kubwa zikianza, ndogo zikifuata. Zilikuja kwa meli kutoka Ulaya zamani, zikapiga nyimbo kwenye mnara wa kanisa moja la mjini mpaka mbao za mnara zikaoza. Wezi wa shaba waliiba moja. Zilizobaki Placide alizikereza upya kwa mkono wake, akafa kabla ya kuigusa ile mpya iliyoyeyushwa na kusubiwa kuziba pengo.

"Mama Gaëlle, karibu," alisema Alain, msimamizi, Mrundi mpole. "Tumekwama. Kengele husubiwa ikiwa na sauti ya juu kidogo, halafu tunaikwangua ndani. Kila tunachotoa kinaishusha sauti. Tukipitiliza hatuna cha kurudisha, inarudi tanuruni. Na mnara umekwisha kutengenezwa, unaingojea wiki hii."

"Si mna simu zinazopima sauti?"

"Simu haimjui Placide," alijibu Ezéchiel, fundi wa kerezo, ile mashine ya kukwangulia kengele. "Yeye alipima kwa koo lake. Na koo lake, shemeji, unalijua."

Léocadie alicheka bila kutaka. Miaka kumi na tisa walisimama bega kwa bega kwenye kwaya ya kanisa la Yeoville. Placide alikuwa akishuka sauti kidogo kidogo, na kwaya nzima ikiteremka naye.

"Mpaka mchungaji na besi lake tulikuwa tunamkuta huko chini," alisema.

"Basi hata hizi zimemfuata," alisema Ezéchiel. "Zenyewe kwa zenyewe zinapatana vizuri. Hii tu ndiyo mgeni. Sikio lililobaki ni lako."

Ezéchiel aliwasha kerezo. Nyuzi za shaba zilianguka. Akaizima, akagonga kengele kwa nyundo ya mti. Léocadie alifumba macho, akavumisha sauti ya Placide kama alivyoikumbuka. Nyuma yake, sakafuni, kengele zikavuma pamoja naye.

"Zinaitikia," alisema Ezéchiel. "Ukiipata sauti yake, shaba hutetemeka. Kawaida."

Léocadie akafunga mdomo. Mvumo haukukoma. Uliendelea, halafu ukakatika kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, ukaanza tena. Placide naye hakuwahi kumaliza mstari bila kupumua katikati.

Ezéchiel alivua miwani ya kazi. "Hiyo si kawaida."

"Kata tena," alisema Léocadie.

Alikata. Kengele mpya ilishuka, ikakaribia wenzake, na mvumo ule ukapungua. Akakata mara ya tatu. Ukapungua zaidi. Léocadie akaelewa. Kengele ikipatana na wenzake, yule anayevuma atanyamaza. Angeweza kusema basi sasa hivi. Nani angejua? Ingebaki juu kwa unene wa unywele, na Placide angebaki hapa akiitafuta sauti yake.

"Basi?" aliuliza Alain.

Léocadie alikwenda kati ya kengele, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya ile kubwa. Ilikuwa ya uvuguvugu, asubuhi ya baridi kama ile. Sasa pumzi zilikuja karibu karibu, fupi, zikikwama. Alizijua. Wiki mbili alikuwa amezihesabu kando ya kitanda cha hospitali, akimwambia mumewe ajikaze, asiende, ajikaze tu. Naye alijikaza kwa ajili yake, mpaka midomo ikawa ya buluu.

"Umechoka, baba Gaëlle," alinong'ona.

Akainuka.

"Bado. Kata kidogo sana."

"Shemeji, una hakika? Hapo hakuna kurudi."

"Kata."

Kerezo ilizunguka mara chache tu. Ezéchiel aliizima, akagonga. Sauti ilitoka safi, ikajaa kiwanda chote, ikaisha polepole. Baada yake, sakafuni palikuwa kimya. Léocadie aliigusa tena ile kubwa; shaba ilikuwa imeanza kupoa.

Alain alivua kofia. "Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe," alisema Léocadie. "Ipakieni."